Jiwe Lina Wenyewe: Wachongaji wa Kizuni na Jibu Letu la "Haina Mtunzi"

Katika semina moja ya fasihi simulizi, tukiwa mwaka wa kwanza wa uzamili, niliwaonyesha wenzangu picha ya dubu mdogo aliyechongwa kwa jiwe la feruzi. Hakuwa dubu wa kutisha. Alikuwa mnono, mgongo umeinuka kidogo kama mto uliojazwa sufi, miguu mifupi, macho vitone viwili tu. Nikauliza: ni nani mtunzi wa kazi hii? Jibu lilitoka haraka, tena kwa pamoja, kama watu waitikiao salamu. Kazi ya jadi haina mtunzi. Ni mali ya jamii. Sikuwashangaa. Laiti ningeulizwa mwaka mmoja kabla ya hapo, ningalijibu vivyo hivyo. Ndivyo tulivyofunzwa tangu shule ya upili, ndivyo tulivyoandika katika mitihani tukapewa alama, na ndivyo baadhi yetu tulivyowafunza wanafunzi wetu tulipopelekwa mazoezini.

Dubu yule ana mtunzi. Alichongwa na Leekya Deyuse, Mzuni aliyezaliwa mwaka wa 1889 na kufariki mwaka wa 1966. Wajuzi wa sanaa hiyo humtambua Deyuse kwa kuutazama mgongo wa mnyama peke yake, na watoto na wajukuu wake wameendelea kuchonga wanyama ambao mtu mzoefu huwatambua kuwa wa nyumba ile. Ninalodai katika makala haya ni kwamba jibu letu la "haina mtunzi" si la kweli kuhusu Wazuni, na ninashuku kwamba si la kweli kuhusu sisi wenyewe. Tumeichukua dhana ya umiliki wa jamii tukaigeuza kuwa dhana ya kutokuwa na mwenyewe, ilhali hizo ni dhana mbili tofauti kabisa.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili amefikaje New Mexico. Nilipitia mlango tunaoupitia wengi, yaani orodha ya vitabu vya kozi ya nadharia ya fasihi simulizi. Mwaka wa 1972 Dennis Tedlock alichapisha kitabu kiitwacho Finding the Center, mkusanyiko wa masimulizi ya Kizuni yaliyopangwa katika mishororo kufuatana na vituo vya msimulizi, huku sauti ya juu ikionyeshwa kwa herufi kubwa. Wataalamu wetu humtaja Tedlock kwa sababu ya vituo hivyo. Ni nadra mtu kutaja jambo jingine ambalo halihitaji nadharia yoyote kulibaini: kitabu kimewataja wasimulizi wake kwa majina, Andrew Peynetsa na Walter Sanchez. Masimulizi yale si ya "Wazuni" kwa jumla. Ni ya Peynetsa na Sanchez kama walivyoyasimulia. Kutoka kwa wasimulizi hao nikajikuta ninasoma kuhusu majirani zao, wachongaji.

Zuni ni mji ulioko magharibi mwa jimbo la New Mexico, Marekani, kusini mwa mji wa Gallup. Wakazi wake ni watu wapatao elfu kumi. Wenyewe hujiita A:shiwi (nukta mbili huonyesha kuwa irabu ni ndefu, jambo ambalo wanafonolojia miongoni mwetu watalifurahia) na lugha yao, Shiwi'ma, haijathibitishwa kuwa na ujamaa na lugha nyingine yoyote duniani. Familia nyingi mjini humo hupata riziki, yote au sehemu yake, kutokana na kazi za mikono: vito vya fedha na feruzi, vyungu, na vinyama vidogo vya mawe ambavyo soko huviita kwa Kiingereza fetish.

Neno hili halina budi kuchunguzwa, maana ndilo lililotupotosha tangu awali. Asili yake si Marekani. Ni neno la Kireno, feitiço, ambalo mabaharia na wafanyabiashara wa Kireno walilitumia katika pwani ya Afrika Magharibi kuviitia vitu vya ibada vya Waafrika walivyovikuta huko. Likaingia katika lugha nyingine za Ulaya, likawa istilahi ya wanaanthropolojia, kisha likavuka bahari na kubandikwa mawe ya Wazuni. Dharau iliyotungiwa bara letu ikasafirishwa kuwatumikia watu wengine! Asili ya mbali ya neno lenyewe ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichotengenezwa. Lakini katika safari hiyo ndefu, walioliandika hawakuona haja ya kuuliza kimetengenezwa na nani.

Mwenzangu mmoja alipendekeza tulitafsiri kwa "hirizi". Siafiki. Hirizi, kama tunavyoijua, hushonewa maandishi ndani yake, huvaliwa mwilini, na ina historia yake katika Uislamu wa pwani. Wengine watasema "sanamu", nalo ni neno pana mno. Mimi nitasema "kinyama cha jiwe" na kuishia hapo, kwa kuwa wachongaji wengi wa Zuni wenyewe husisitiza kwamba kitu kinachouzwa dukani ni mchongo tu. Kinyama cha ibada ni kile kilichobarikiwa na wahusika wa dini yao, kikatunzwa, kikalishwa unga wa mahindi. Hicho hakiuzwi, wala si kazi yangu kukieleza zaidi ya yale ambayo Wazuni wameridhia yaelezwe.

Aliyetangulia kuvieleza kwa maandishi ni Frank Hamilton Cushing. Alifika Zuni mwaka wa 1879 akiwa na msafara wa watafiti wa Smithsonian, akabaki hadi mwaka wa 1884, akajifunza lugha na hata kuingizwa katika Ukuhani wa Upinde. Ripoti yake kuhusu vinyama hivi ilichapishwa mwaka wa 1883. Humo amesimulia kisasili cha asili yake. Dunia ilikuwa mbichi na yenye maji mengi, na wanyama wakali walikuwa wakiwamaliza watu. Wana wawili wa Jua, mapacha, wakaikausha dunia kwa moto, kisha wakapita wakiwapiga wanyama wakali kwa radi hadi wakanywea na kuwa mawe. Lakini mioyo yao ilibaki hai ndani ya mawe hayo, ili nguvu waliyoitumia kuua iwasaidie wanadamu. Ndiyo maana, kwa mujibu wa Cushing, jiwe lililookotwa likiwa tayari lina umbo la mnyama lilithaminiwa kuliko lile lililochongwa tangu mwanzo; mkono wa mtu ulilisaidia tu jiwe lionekane lilivyo. Cushing ameorodhesha pia walinzi wa pande sita za dunia: simba wa milimani wa kaskazini mwenye rangi ya manjano, dubu wa magharibi wa buluu, mnyama wa jamii ya nyegere wa kusini mwekundu, mbwamwitu wa mashariki mweupe, tai wa juu mwenye rangi zote, na fuko wa chini mweusi.

Orodha hiyo ya rangi na pande ndiyo inayonakiliwa katika vikaratasi wanavyopewa watalii madukani hadi leo. Ni orodha nzuri, nami simlaumu Cushing kwa kutotaja wachongaji. Ikiwa aliowahoji waliamini kwamba mawe yale yaligeuzwa na radi, swali la mchongaji lisingekuwa na maana kwao. Tatizo ni sisi tuliokuja baadaye. Tuliliona pengo hilo la majina tukalifanya kuwa sifa ya kimsingi ya utanzu mzima, kwa Wazuni na kwa kila jamii isiyokuwa na maandishi.

Sasa hebu tuingie katika nyumba za wachongaji.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 palikuwa na wachongaji wachache waliojulikana: Leekya Deyuse, Teddy Weahkee, Leo Poblano, David Tsikewa na wengine kadhaa. Deyuse alifanya kazi katika uchimbuaji wa magofu ya Hawikku, mji wa kale wa Wazuni, ulioongozwa na Frederick Webb Hodge kati ya 1917 na 1923. Tsikewa alisifika kwa ndege wadogo waliotungwa pamoja kuwa mkufu. Weahkee alikuwa mchongaji na mchoraji pia. Bintiye, Edna Leki, akaushika mkondo wa kale: mnyama anaachwa karibu na umbo la jiwe lenyewe, bila mapambo mengi, na mgongoni hufungiwa kigumba cha mshale pamoja na shanga. Mabinti wa Leki, Lena Boone na Dinah Gasper, nao wakachonga, na waliozaliwa baada yao wakafuata. Ukiwapanga wanyama wa vizazi hivyo mezani, utaona mfanano wa nyumba moja, na papo hapo utaona kwamba mama si binti. Mmoja huukata mdomo mkali, mwingine huuacha butu. Nyumba ya Deyuse ina mkondo tofauti. Kwao mnyama hulainishwa na kuviringwa, mistari ni michache, na uzito wa mwili hukaa tumboni.

Mafunzo hayana darasa. Meza ya kazi huwa nyumbani, au katika chumba kilichoongezwa kando ya nyumba. Mtoto huanza na kazi ya mwisho, yaani kusugua na kung'arisha kile alichokwisha kuchonga mzazi, na kwa kung'arisha vidole vyake huyajua maumbo kabla macho hayajayaelewa. Baadaye hupewa vipande vilivyovunjika, jiwe laini lisilo na bei kubwa, ili akiliharibu pasiwe na hasara. Feruzi na marijani huja baadaye sana. Zamani vifaa vilikuwa tupa, jiwe la mchanga na keekee ya mkono. Siku hizi ni magurudumu ya umeme ya kusagia, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Ujuzi haufuati damu peke yake. Mume huweza kujifunza kwa wakwe, mke kwa mumewe, jirani kwa jirani. Lakini aulizwapo mchongaji alijifunza wapi, kwa kawaida hutaja mtu. Hasemi "kwa jamii". Husema kwa mama, kwa mjomba, kwa babu mzaa mama.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni dogo. Watoto wa Deyuse hawakujulikana kwa jina la Deyuse. Walijulikana kwa jina la Leekya: Francis Leekya, Sarah Leekya na wengineo. Jina la kwanza la mchongaji likageuka kuwa jina la ukoo wa wachongaji. Mimi nasoma hapo nadharia nzima ya mapokeo ambayo vitabu vyetu havina. Mapokeo yalimpokea mtu mmoja, na badala ya kummeza, yakajiita kwa jina lake.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwa kuwa lilitolewa katika semina ile ile, na mhadhiri ninayemheshimu sana. Je, majina haya si zao la soko? Hoja hiyo ina uzito. Mfanyabiashara C. G. Wallace alikuwa Zuni kwa miongo kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1910, akiwanunulia wachongaji mawe na kuuza kazi zao, na mkusanyiko wake ulipopigwa mnada mwaka wa 1975 majina ya mafundi yalisaidia kupandisha bei. Wachongaji wa kale hawakutia sahihi. Mtindo wa kuandika jina tumboni mwa mnyama ulienea baadaye, kwa sababu wanunuzi walitaka hivyo. Siku hizi vipo vitabu vya mwongozo wa wanunuzi vyenye miti ya nasaba za wachongaji, fulani alimzaa fulani, utadhani ni tarehe ya masultani.

Nakubali yote hayo. Sahihi ililetwa na soko; mkono haukuletwa na soko. Kazi ya Deyuse haina sahihi, na bado inatambulikana kuwa yake. Mjukuu anayesugua jiwe la nyanya yake hahitaji kulipindua asome jina ndipo ajue ni la nani. Tusichanganye kutia sahihi na kuwa mtunzi. Tukifanya hivyo tutakuwa tumekubali bila kujua kwamba anayeweza kuwa mtunzi ni yule tu anayejua kuandika, na hapo fasihi simulizi yote itakuwa imekwisha kesi yake kabla haijasikizwa.

Soko lenyewe, kwa upande mwingine, ndilo linalofaidika zaidi na kutokuwa na jina. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1990 kuhusu sanaa za Wahindi Wekundu inaharamisha kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji hao ilhali sivyo. Mwaka wa 2015 maafisa wa serikali walipekua maduka huko New Mexico, na uchunguzi ukaonyesha kwamba vito vilivyouzwa kama kazi za wenyeji vilikuwa vimetengenezwa Ufilipino. Mwaka wa 2018 mfanyabiashara mmoja akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Anayeuza bandia anahitaji jina la kabila tu, "Zuni", na kabila halina mkono. Jina la mtu ni gumu zaidi kuliiba.

Lakini, na hapa ndipo ninapotengana na wale watakaodhani ninatetea ubinafsi wa msanii wa Kimagharibi, Wazuni wanavyo pia vitu ambavyo ni mali ya jamii kweli kweli. Mapacha wale wa kisasili, Ahayu:da, huchongwa kwa mti. Mmoja huchongwa na watu wa ukoo wa Kulungu, wa pili na watu wa ukoo wa Dubu, kisha huwekwa katika madhabahu zilizo wazi vilimani, walioze kwa mvua na jua. Kuoza kwao ndiko kazi yao. Wakusanyaji waliwachukua wakawapeleka katika makumbusho, wakawakinga na mvua, wakadhani wamewaokoa. Tangu mwaka wa 1978 viongozi wa Zuni walianza kuwadai, na hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: kwa kuwa ni mali ya wote, hakuna mtu mmoja awezaye kuwa aliwauza kihalali, basi aliyenao anao kwa wizi. Smithsonian iliwarudisha wa kwake mwaka wa 1987, na makumbusho mengine mengi yakafuata.

Tazama jinsi walivyoitumia dhana ile ile tunayoifundisha, kwa maana iliyo kinyume na yetu. Kwetu "mali ya jamii" ina maana kwamba yeyote aweza kuchota bila kuuliza. Kwao ina maana kwamba lazima uwaulize wengi zaidi.

Na hili halikuishia kwao. Denver Museum of Nature & Science, miongoni mwa makumbusho yaliyowarudishia Wazuni Ahayu:da wao, ndiyo iliyotangaza mwaka wa 2014 kwamba inairudishia Kenya vigango 30 vya Wamijikenda. Somo lililofunzwa Zuni lilifika Kilifi. Kigango, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuzuru Kaloleni, si "sanaa ya Kimijikenda" kwa jumla. Husimamishiwa marehemu fulani, wa chama cha Gohu, na jamaa zake waliogharimika kwa ajili yake. Aking'olewa mahali pake, wanaojua ni nani aliyeng'olewa ni familia moja. Katika kasha la kioo huko ng'ambo akaandikiwa kabila, karne na aina ya mti.

Wazuni hawakungoja tu kurudishiwa. Makumbusho yao wenyewe, A:shiwi A:wan, yalishirikiana na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge ili Wazuni wasome maelezo yaliyoandikwa kuhusu vitu vyao vilivyohifadhiwa huko na kuyaongezea ya kwao. Wengine waliandika kitu kilitumiwaje. Wengine walisema tu kwamba maelezo yale si sahihi.

Hilo la kusahihisha orodha ndilo lililonirudisha kwenye makosa yangu. Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nilikwenda nyanjani katika kijiji kimoja cha Taita, nikarekodi ngano 11 kwa nyanya mmoja. Kila alipoanza alisema alikoitoa: hii ni ya mama, hii ya kaka yangu aliyekufa vitani, hii tuliletewa na mke mwenza aliyeolewa kutoka upande wa pili wa mlima. Nilipokuwa nikinukuu niliyafuta maneno hayo yote. Niliyaona ni porojo za kujiandalia sauti. Juu ya ukurasa nikaandika: msimulizi wa kike, zaidi ya miaka 70. Kazi ilipata alama nzuri, na katika utangulizi wake nilikuwa nimeeleza kwa ufasaha kwamba ngano hazina mtunzi.

Rekodi zilikuwa bado katika simu. Mwaka jana nilizipeleka kijijini. Nyanya alikuwa ameshafariki, lakini binti yake alizisikiliza zote kwa kituo kimoja, mikono imelala mapajani, bila kusema neno hadi ya mwisho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, ya tatu umeikosea. Si ya mama. Ni ya yule mke mwenza. Mama aliisimulia tu kwa sababu mwenzake hakuacha watoto." Akataja pia nyimbo mbili zilizomo katika ngano ya saba ambazo hazifai kuandikwa, nami nimezitoa. Jina la nyanya sijaliandika hapa kwa kuwa mama huyu angali anawauliza ndugu zake. Wakikubali, litakuwa juu ya ngano kumi. Juu ya ile ya tatu litakuwapo la mkewenza, ambalo binti alinitajia mara mbili, herufi kwa herufi, akahakikisha nimeliandika.